Taa ya Jikoni kwa Mama Mumbere

Mnanipigia simu, vijana wangu, mnaniuliza: "Papa Kasereka, chini ya kabati la jikoni tuweke taa gani?" Mmoja yuko Beni, kule mtaa wa Beu, kwenye nyumba ya mfanyabiashara. Mwingine yuko hapa hapa Butembo, ameshika utepe wa taa mkononi na mwenye nyumba amesimama nyuma yake anamkodolea macho. Mnataka jibu fupi. Mimi fundi mzee niliyestaafu, magoti hayapandi tena ngazi, kilichobaki na nguvu ni mdomo. Majibu mafupi sina. Kaeni niwasimulie.

Na mjue tangu mwanzo kwamba habari hii inaelekea kwa mke wangu Kavugho, mama ya mtoto wetu Mumbere. Hayupo tena. Ninamkosa kila siku, na jioni zaidi, saa ile harufu ya vitunguu inapoanza kutoka jikoni. Katika taa zote nilizochagua maishani, iliyonisumbua ilikuwa ya kwake, maana ndiyo ingeamua kama atabaki mwenye jiko lake au atakuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga na mimi.

Tutafika huko. Kwanza kazi.

Patron wangu aliyenifundisha aliitwa Kambale, mtu wa Lubero, kule kwenye baridi na viazi. Hata tulipofanya kazi Beni, kwenye joto la kuyeyusha mtu, hakuvua sweta yake. Siku yangu ya kwanza kufunga taa chini ya kabati nilifika na perceuse tayari kutoboa. Patron akaniondolea ile mashine mkononi, akanipa mshumaa.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Akamwita mama wa nyumba, akamwomba asimame mahali anapokatia mboga, ashike kisu na kitunguu. Kisha akaniambia nipitishe mshumaa polepole chini ya kabati, kutoka ukutani kuja mbele, huku yeye akitazama kivuli cha ule mkono wenye kisu.

"Mushumaa hapana toboa ukuta," akaniambia. "Kwanza uone, kisha utoboe. Weye unataka kutoboa, kisha uone."

Tangu siku ile natembea na mshumaa mfukoni. Wateja wengine waliniona na kuuliza kama siuamini umeme wangu mwenyewe. Lakini mshumaa unakwambia kila kitu. Unajua shida ya jiko la kabati ilivyo: balbu iko katikati ya dari, mpishi ameipa mgongo, kivuli chake mwenyewe kinamwangukia juu ya kisu. Ndiyo maana tunaweka taa chini ya kabati. Na wengi wenu mnaibandika kule nyuma, karibu na ukuta, kwa sababu huko waya ni rahisi kuficha. Matokeo yake mnaangaza karo, vile vigae vya ukutani. Karo zikiwa za kung'aa ndio kabisa, kila punje ya taa inajitazama mle ndani na kumrudia mama wa watu machoni. Leteni taa mbele, kwenye ukingo wa kabati, na muweke kibao chembamba cha kuificha. Hapo inaangukia sahani na mikono, na mikono ndiyo inayofanya kazi.

Zamani tulifunga réglette, zile taa ndefu za kuunguruma. Zikiwaka zinapepesa kwanza, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Halafu zikaja taa ndogo za mviringo zenye joto kali, na sisi mafundi tukazipenda kama watoto wanavyopenda viatu vipya. Nilizifunga kwa mama mmoja, upande wa Mavivi, mke wa mfanyakazi wa serikali aliyetumwa kutoka mbali. Nikarudi baada ya siku kadhaa kuangalia kazi yangu. Akanipokea mlangoni na kopo mkononi.

"Papa fundi, tala, ona! Marigarini yangu imekuwa maji!"

Taa ilikuwa inachoma ubao, na ubao unapika kabati lote la juu. Nilitaka kuzitoa siku ileile, lakini akasimama mbele ya kabati na kunizuia.

"Te, te, acha! Chumvi yangu hailowane tena."

Ikabidi tupatane: marigarini ihame, taa zibaki, hadi siku moja ubao wenyewe ulipoanza kubadilika rangi na bwana wake akaogopa moto. Nyinyi mna bahati, LED zenu hazina joto la namna ile. Lakini transfo yake, kile kisanduku cha kupunguza umeme, ina joto, na haipendi mvuke. Msiiweke juu ya jiko la gesi. Wala msiiamini gundi ya ule utepe. Mvuke wa sombe, yale majani ya muhogo, na mafuta ya kukaangia vinapanda pamoja, gundi inalegea, na siku ya wageni utepe unashuka wenyewe ndani ya sufuria. Tumieni mfereji wa aluminiamu wenye kifuniko cheupe, muufunge kwa visi, mkikaza kwa bisibisi. Mama akipangusa kwa kitambaa, mafuta yanatoka.

Rangi nayo. Kila mtu anaomba nyeupe kabisa, kwa sababu nyeupe ndiyo inaonekana ya kisasa dukani. Fanya kama nilivyofanya mimi: nenda dukani na nyanya, jani la sombe na kipande kidogo cha nyama ndani ya mfuko. Mwombe mwenye duka akuwashie. Mmoja aliniuliza, "Papa, unakuya kunipikia hapa?" Nikamwambia nakuja kuona kama taa yake inasema kweli. Chini ya ile nyeupe sana, nyama inaonekana ya juzi. Chini ya ile ya njano sana, huwezi kujua kama maziwa ni mazima au yameharibika. Chukua ya katikati, na ukiwa na wasiwasi, shusha kidogo upande wa njano. Chakula kinapenda joto.

Kuna pia jiko la kuonyesha. Mnalijua, hata kama hamtaki kulitaja. Beu niliitwa kwa mfanyabiashara aliyejenga jiko la ndani la mbao ya libuyu, kabati hadi darini, jiko la gesi bado limevaa plastiki yake. Nikatafuta mahali pa kukatia mboga ili nipitishe mshumaa, sikuona hata alama moja ya kisu. Nikamwuliza mama wa nyumba anapikia wapi. Akacheka, akafungua mlango wa nyuma. Kule uani kulikuwa na kibanda, mbabula mbili, yale majiko ya makaa, moshi, na sufuria ya maharagi inachemka.

"Hii ya ndani ni ya bageni, Papa. Bakuye baone."

Nilimfungia taa zote mbili, ya ndani ya kupigia picha na ya kibandani ya kuivisha chakula. Ile ya kibandani ndiyo aliyonishukuria.

Kwangu pia tulipikia uani. Miaka yote ile nilipokuwa naangaza majiko ya watu, Kavugho alipikia kwenye kibanda chenye bati jeusi la masizi. Msinicheke. Mke wa fundi wa viatu hutembea na ndara. Kisha macho yake yakaanza kudhoofika, na muuguzi akasema moshi ndio unayamaliza. Alianza kuweka chumvi kwa kuonja badala ya kuona. Hakulalamika, na mimi nilijifanya sioni.

Mambo yalifunguka siku mchungaji alipokuja kula kwetu baada ya ibada. Maharagi yalikuwa matamu, mchungaji akasifu, akaongeza, halafu tukasikia kitu kimelia kinywani mwake. Jiwe. Yule mtu wa Mungu alishika shavu, macho yakajaa machozi, akasema, "Bwana asifiwe," na kuendelea kula kwa upande wa pili.

Wageni walipoondoka, Mumbere alikaa na mama yake. Mumbere ni kijana mwema, anaishi na mke wake Masika katika parcelle yetu hiyohiyo, ua mmoja.

"Mama, tutatafuta mutoto mwanamuke wa kukusaidia. Weye utaikala tu, upumuzike."

Kavugho alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Aliacha kukunja.

"Siku mutanipokonya ungo, niko mugeni mu nyumba yangu," akasema. "Na mugeni anaikalaka akingoja kusindikizwa."

"Hapana vile, Mama..."

"Ni vile, Mumbere. Mi najua."

Masika alikuwa mlangoni. Macho hakuyainua, kwa sababu alijua jiko likitolewa kwa mama mkwe litaangukia nani.

Mimi nikasema tupeane nafasi. Kwamba ndani ya nyumba kuna chumba kile cha nyuma, kisicho na moshi. Mumbere aweke karo na kabati, mimi nitaweka taa, na tuone kama ni macho yamekwisha au ni giza tu. Mumbere akakubali, lakini akasema wazi: jiwe lingine likionekana kwenye sahani, msichana wa kazi anakuja. Kavugho alitingisha kichwa kama mtu anayetia sahihi.

Vijana, ile kazi niliifanya kwa moyo wangu wote. Kabati za libuyu. Utepe wa rangi ya katikati, uliojaribiwa kwa nyanya na sombe. Mfereji wa aluminiamu kwenye ukingo wa mbele, kibao chembamba cha kuficha, betri pembeni kwa siku umeme unapokatika. Niliposimama pale mezani nikashika kisu, mikono yangu ilionekana hadi makovu ya utotoni. Nikamwita aje aone. Aliingia, akaangalia, akasema, "Aksanti, Papa Mumbere, iko muzuri." Akapika siku ile.

Kesho yake nikamkuta kibandani. Amekaa kwenye moshi, amejifunga torche kichwani kama mchimba dhahabu, anachambua maharagi.

"Mama Mumbere! Juu ya nini uko huku tena?"

"Ile taa yako iko muzuri," akasema bila kuinua kichwa, na mwanga wa torche ukibaki kwenye ungo. "Mais ni ya batu barefu."

Nilikasirika. Kavugho hakuwa mfupi, alinizidi hata mimi akivaa viatu vya kanisani. Nikaona anatafuta sababu, kwamba mama huyu amezeeka na hataki kitu kipya. Mumbere alimtazama akiwa na ile torche kichwani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba basi ni macho, tusijidanganye. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kuamini.

Siku ya kikundi cha mamas kanisani alichelewa kurudi, na njaa ikaniuma. Nikasema leo nitachambua maharagi mwenyewe, akute sufuria motoni. Nikachukua ungo. Kiti hakikuwepo, kulikuwa na kigoda chake cha chini tu, karibu na meza ya kazi. Nikakaa pale na ungo magotini, nikanyoosha mkono na kuwasha taa yangu nzuri.

Ilinipiga machoni moja kwa moja. Kile kibao kinachomficha taa mtu aliyesimama hakimfichi chochote mtu aliyekaa chini. Nilikuwa naitazama kila punje ya ule utepe, ikiwa uchi kabisa. Na kwenye ungo kulikuwa na giza, kwa sababu meza ilikuwa imenifunika kwa kivuli chake. Nikiinamisha kichwa sioni maharagi, nikikiinua sioni kitu kingine chochote.

Nilicheka peke yangu mle ndani. Halafu nikaacha kucheka. Nimemwona mwanamke huyu akikaa chini kupika tangu mwaka tulipooana. Mama yangu alikaa chini, mama yake alikaa chini, moto mbele yao na watoto pembeni, na ungo daima magotini. Kabati na meza ndefu vilitoka kwa watu wanaopika wamesimama. Mimi, fundi wa mshumaa, kwa mke wangu sikutoa mshumaa mfukoni, kwa sababu nilidhani ninamjua. Nilimwonea huruma, kumfikiria akija kuniambia kwa upole kwamba taa ni nzuri, kisha akirudi kwenye moshi wake.

Aliporudi kutoka kanisani, na kitenge chake cha kikundi, alinikuta nimelala sakafuni chali, kichwa chini ya meza.

"Papa Mumbere! Umeanguka?"

"Hapana. Ikala kwa kiti yako. Shika ungo."

Nikawasha mshumaa. Akakaa. Nikaupitisha chini ya ukingo wa meza, polepole, na safari hii nikatazama uso wake badala ya mikono yake.

"Leta mbele. Mbele kidogo. Hapana, rudisha." Akakodoa macho ndani ya ungo. Kisha uso wake wote ukalegea. "Apo. Apo njo penyewe."

Hapo ndipo nilipofunga taa: chini ya meza ya kazi, chini zaidi ya macho yake, ikimwagika juu ya magoti tu. Ile ya juu nikaikata waya, maana ilimkera. Siku iliyofuata alichambua maharagi, akakusanya vijiwe kwenye sahani ya chai, akamwita Mumbere, akamwambia afungue mikono. Akavimimina vyote.

"Hii njo mawe ya leo. Sasa uende utafute ule mutoto wa kazi."

Mumbere alicheka hadi akakaa chini. Mchungaji aliletwa tena, akala, ingawa niliona alitafuna kwa tahadhari hadi mwisho wa sahani.

Vijana, sijui kama nitaweza kuwaeleza jioni zilizofuata. Nilikuwa nimestaafu, sikuwa na pa kwenda. Nilikaa pale jikoni kwenye gunia la viazi, tukizungumza. Mwanga wote ulikuwa magotini mwake na mikononi, na uso wake ulikuwa juu kidogo ya mwanga, kama zamani kwenye moto wa kwao nilipokwenda kumposa. Aliniuliza habari za watu niliowafungia taa Beni, enzi zile barabara ilipokuwa barabara na mtu anakwenda asubuhi na kurudi amebeba ndizi. Nilitaka jioni hizo zisiishe. Nazitaka hata sasa.

Baadaye akaanza kuchoka. Si macho, ni mwili. Siku nyingine alikaa kwenye kigoda na ungo, akasahau kuchambua. Masika akaja kusaidia, kwa heshima, akiomba kila kitu: naomba kisu, Mama, naomba sufuria. Masika ni msichana wa siku hizi, anapika amesimama. Na kwa kuwa taa iliyowaka ni ya chini, na hakuthubutu kuomba nyingine, alikata sombe akiwa amejikunja, kichwa karibu na magoti, kutafuta mwanga wa mama mkwe wake.

Kavugho alimtazama hivyo kwa siku kadhaa. Kisha akaniita.

"Papa Mumbere, rudisha kura, ule umeme, kwa ile taa ya juu."

"Ya kazi gani? Itakuumiza macho."

"Unaona vile mutoto anavunja mugongo?"

Nilijua anachosema, na nilijua kinachokuja nyuma yake. "Mama Mumbere, ile jiko ni yako. Tulipigana juu yake."

"Njo maana niko naweza kuitoa," akasema. "Kama mulinipokonya, ningetoa nini?"

Nikapoteza siku nyingi nikisema sina waya, mara bisibisi imepotea. Hakuniuliza tena. Alinitazama tu, hadi aibu ikanishika nikapanda kwenye kiti, na magoti yangu haya, nikaunganisha.

Nikawasha. Masika alinyoosha mgongo wake, taratibu, kama hakuamini kwamba ameruhusiwa. Akaweka majani ya sombe mezani, akaanza kukata, na kisu kikaenda haraka kwa sababu kilikuwa kinaona.

"Uko unaona muzuri?" Kavugho akamwuliza kutoka chini, mkono ukikinga macho.

"Ndiyo, Mama. Muzuri sana."

"Bon." Akanigeukia. "Papa Mumbere, zima ya chini."

Nilijifanya nakusanya vifaa. Nikaviringisha waya uliokuwa tayari umeviringishwa.

"Papa Mumbere," akasema tena, kwa sauti aliyokuwa akiitumia tukiwa wawili tu. "Zima."

Nikainama, nikazima. Akaweka ungo pembeni, akaninyooshea mikono yote miwili nimwinue kutoka kwenye kigoda. Nilijitayarisha kwa uzito niliouzoea, nikavuta. Alikuwa mwepesi sana.